Meseji za Rebeccah

Simu ya marehemu Rebeccah Chepyegon ilikaa Nairobi, juu ya friji, katika nyumba ya mwanawe Kimeli. Ilikuwa kabambe nyeusi, simu ndogo ya vitufe, iliyopasuka kona moja. Kimeli aliichaji kila jioni bila kukosa, kama mtu anayemeza dawa ya presha. Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu mama azikwe, lakini namba yake ya mkulima katika kiwanda cha majani chai kule Kimulot haikuwa imefungwa. Rodah, dada yake Kimeli, alichuma majani katika shamba lile lile, akayapeleka kwenye kituo kile kile cha kupimia, na kwa kuwa namba ilikuwa bado kwa jina la mama, seva ya kiwanda iliendelea kutuma meseji kwa simu ya mama. "REBECCAH, umeleta kilo 16. Asante."

Kimeli hakuwa mtu wa kujidanganya. Kazi yake ilikuwa kutunza seva za Unix za kampuni moja ya bima, na kazi hiyo ilimfundisha kuamini kinachopimika. Alijua meseji ile iliandikwa na programu, na kilo zile zilibebwa na mgongo wa Rodah. Hata hivyo, simu ilipolia, mkono wake ulitangulia akili. Kwa muda wa kusoma mstari mmoja, mama alikuwa ameamka, amejifunga plastiki kiunoni, ameingia kwenye chai kabla umande haujakauka.

Kisha meseji zikaanza kuchelewa. Mwanzoni ilikuwa saa chache, halafu siku nzima, halafu mbili. Mwishowe wiki ikapita simu ikiwa kimya. Kimeli alinunua chaja mpya, akijua vizuri kwamba tatizo halikuwa chaja.

"Majani tunapeleka kama kawaida," Rodah alimwambia alipompigia. "Ni kompyuta ya kiwanda imelala. Si wewe ni fundi wa hizo vitu? Kuja uiamshe."

"Nitaomba ruhusa kazini."

"Na ukikuja tuende kwa ofisi ya kiwanda pamoja. Unajua ni ya nini."

Alijua. Watoto wa Rebeccah walikuwa wawili tu, na kiwanda hakingeweza kuhamisha namba iwe ya Rodah mpaka wote wawili wafike ofisini ana kwa ana. Kimeli alikuwa amesema "mwezi ujao" mara nyingi kiasi kwamba Rodah aliacha kuuliza mwezi gani.

Alifika kiwandani Ijumaa asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia msitu. Karani wa kompyuta alikuwa Okoth, mtu mnene mwenye sweta ya kijani. Baba yake alitoka Homa Bay kuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, na yeye mwenyewe alizaliwa huko huko Kericho.

"Karibu, injinia. Hii kitu itaniua," alisema. "Wakulima wananiita mwizi kwa Kipsigis, wakifikiri sisikii. Na shida yangu ni kwamba nasikia yote."

"Umejaribu nini?"

"Niliomba memori, wakaniongezea. Nafikiri seva ni mzee tu."

"Usiniambie unachofikiri, Okoth. Niambie ulichoona."

Okoth alicheka, akamsogezea kiti. Kimeli aliingia kwenye seva na kuanza kuuliza swali moja baada ya jingine, kwa mpangilio, kama daktari anayekataa kuambiwa jina la ugonjwa na mgonjwa. Prosesa haikuwa na kazi. Muda wake mwingi iliutumia kuisubiri diski. Diski yenyewe haikupumzika hata kidogo, ingawa data iliyopita ilikuwa kidogo mno. Zaidi ya nusu ya nafasi ilikuwa tupu. Lakini alipojaribu kuunda faili moja mpya isiyo na kitu ndani, seva ilikataa: nafasi imekwisha.

"Nafasi iko," Okoth alisema. "Si unaiona hapo?"

"Nafasi ya mizigo iko. Kilichokwisha ni namba za kuandikia mizigo."

Akamweleza. Mfumo wa faili ulipoanzishwa ulipewa idadi ya namba, na idadi hiyo haiongezeki. Kila faili huchukua namba moja, iwe kubwa kama filamu au ndogo kama meseji ya mstari mmoja. Kisha akaiambia seva ihesabu faili zilizomo kwenye folda ya meseji. Wakanywa chai, wakamaliza chupa, na hesabu ilikuwa bado inaendelea. Ilipokoma, jibu lilikuwa zaidi ya milioni nne, zote ndani ya folda moja.

"Kwa nini hamkuwahi kufuta?"

Okoth alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Omera, ndugu yangu, wewe si mtu wa hapa? Mama akikuja akuambie mwaka juzi, siku ya mvua ya mawe, alileta kilo thelathini na nyinyi mkaandika ishirini, utamwambia ulifuta? Hapa hakuna mtu husahau kilo zake. Mimi nikiona watu wanazozana, nafungua meseji ya siku hiyo, naisoma, tunanyamaza wote."

Hapo ndipo yote yalipoeleweka. Programu, kabla ya kutuma chochote, ilifungua faili zote moja moja ili kuona kama zimeshatumwa. Na aliyeiweka diski hapo mwanzo aliiagiza iandike saa ya kila faili kila inapofunguliwa, kwa hiyo hata kusoma kulikuwa kuandika.

"Seva haijalala," Kimeli alisema. "Inafanya kazi kuliko sisi wote. Inatafuta meseji za leo kwa kupitia za miaka yote iliyopita."

Walikubaliana kazi ifanywe Jumapili, siku ambayo majani hayapokelewi. Wangeweka diski mpya, yenye mfumo unaojiongezea namba kadiri unavyohitaji. Meseji zinazongoja, na zile za kilo zilizokuwa bado kwenye mashine za vituoni, zingekaa peke yake. Zilizokwisha kutumwa zingehamia kwenye folda za mwaka, mwezi na siku. Na agizo la kuandika saa ya kila kusoma lingeondolewa.

"Tukiwa hapo," Okoth akaongeza, "meneja anataka tusafishe namba za marehemu. Ni nyingi. Watu wa huku hawafungi namba ya mzazi."

"Namba za marehemu hazipunguzi kasi ya diski," Kimeli alijibu.

Hilo lilikuwa kweli. Lakini alilisema haraka mno, na yeye mwenyewe alilitambua hilo.

Jumamosi alimsaidia Rodah kubeba majani hadi kituoni. Rodah alikuwa dada mkubwa, na hakumwonea huruma njiani. "Shika vizuri, mtu wa Nairobi. Ukimwaga hapo ng'ombe watasema asante, lakini karani hataandika." Kituo kilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, watu wamepanga magunia yao kwa foleni. Mizani ilikuwa mikononi mwa karani Winny, msichana aliyeajiriwa mwaka ule, ambaye hakuwahi kumwona Rebeccah kwa macho.

Foleni ilisonga. Winny alitazama mashine yake, akaita kwa sauti: "Rebeccah."

Kimeli alisimama wima. Hakuwa amelisikia jina hilo likiitwa vile, kwa sauti ya mtu anayetarajia kujibiwa, tangu mama alipokuwa hai.

"Niko," akasema Rodah, akainua gunia.

"Rebeccah, songa kidogo na sisi tupimiwe," mwanamke mmoja nyuma akasema. Hakuna aliyecheka. Haukuwa utani. Kilo kumi na tisa. Kimeli aliziona kwenye mizani kwa macho yake.

Walipokuwa wakirudi na magunia matupu, alimuuliza. "Wanakuita hivyo siku zote?"

"Winny anajua tu jina yenye iko kwa mashine. Hao wengine walizoea."

"Na wewe?"

"Mwanzo nilikuwa naangalia nyuma," Rodah alisema. "Nilikuwa nafikiri mama amekuja. Siku hizi naitika tu."

Rodah aliendelea kutembea, macho barabarani, sauti yake kavu kama ya mtu anayesimulia habari za bei ya maziwa. "Mgongo ukiniuma ni wangu. Kilo zikipimwa ni za Rebeccah. Na meseji unapata wewe. Mimi nikitaka kujua nimeandikiwa ngapi, napigia mtu Nairobi nimuulize. Umewahi kuona hiyo?"

"Hukuwahi kuniambia."

"Nilikuwa nakuambia nini kila mwezi?"

Jumapili Rodah alienda kanisani, naye Kimeli akaenda kiwandani. Kunakili faili kwenye diski mpya kulianza wakati kengele ya ibada inalia, na walikuwa wamekwisha kula chakula cha mchana kulipomalizika. Kimeli alilinganisha idadi ya faili upande huu na upande ule, kisha akalinganisha tena kwa njia nyingine, Okoth akipiga miayo. Ndipo akaiwasha programu. Muda wa kuingoja diski, uliokuwa umepanda kama mlima, ukaporomoka hadi karibu na sufuri. Foleni ya meseji ilianza kuteremka.

Mfukoni mwake, kabambe ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Ikawa haikomi.

"Hiyo ni yako?" Okoth aliuliza.

"Ya mama."

Okoth alifikiri kidogo. "Rebeccah wa kule karibu na msitu? Kumbe ni mama yako. Yule alikuja hapa kugombania kilo moja. Kilo moja tu. Nikamwonyesha meseji, akaona ni yeye amekosea, akaondoka bila kusema neno. Kesho yake akaniletea mursik, maziwa ya mgando, kibuyu kizima."

Kimeli hakujua kisa hicho. Aliketi karibu na dirisha akasoma meseji zote kwa mpangilio wake, siku kwa siku. REBECCAH, umeleta. REBECCAH, umeleta. Aliisoma kila moja taratibu, maana alijua zikiisha zimeisha. Ya mwisho ilikuwa ya jana, kilo 19. Hiyo aliishika kwa muda mrefu. Ilikuwa na jina la mama, na yeye alikuwa amemwona aliyezileta kilo hizo.

"Zile za zamani, za wakati alikuwa anachuma mwenyewe," Okoth alisema kwa upole, "nikutolee kando? Ni dakika moja tu."

Alizitaka. Akairudisha kabambe mfukoni.

"Hapana. Zikae na za wengine, kwa tarehe. Ofisi inafunguliwa saa ngapi kesho?"

Jumatatu shughuli haikuchukua muda. Walionyesha vitambulisho vyao, wakaulizwa kama wamekubaliana, Rodah akasema ndiyo, Kimeli akasema ndiyo. Okoth alibadilisha jina na namba ya simu mbele yao, na seva ikayapokea mara moja, bila kusita.

Alasiri walipeleka majani pamoja. Mvua ilikuwa imenyesha na gunia lilikuwa zito. Foleni ilipofika mbele, Winny alitazama mashine, akakunja uso, akasoma tena.

"Rodah," akaita.

Hakuna aliyeitika. Rodah alikuwa amesimama, mkono kwenye gunia, macho kwa Winny, akingoja. Winny akaita mara ya pili, na yule mwanamke wa nyuma akamsukuma begani. "Wewe, ni wewe. Kwani umesahau jina?"

"Niko," Rodah akasema, akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja.

Walipokuwa wakiteremka kwenda nyumbani simu ya Rodah ililia, naye akasimama katikati ya barabara kuisoma kwa sauti, jina lote mpaka asante. Kimeli alisikiliza. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni, umeishika kabambe, na kabambe ilikuwa imetulia.