Mkasi Uliokata Hewa

Kacha-kacha, kacha-kacha. Niliusikia mkasi wa mjomba kila asubuhi kabla sijafumbua macho, nikiwa nimelala chumba cha nyuma, upande wa pili wa pazia lililonuka sabuni na poda. Alikuwa hajamgusa mtu bado. Alikata hewa tu, kama mwimbaji anayesafisha koo. Hata akiwa kazini, baina ya nywele na nywele, mkasi ule haukunyamaza: ulikata hewa mara nane, ukatua, mara nane, ukatua. Wengine wamefundishwa ushairi na walimu. Mimi nilifundishwa na mkasi. Nilipanga mizani zangu juu ya sauti yake huku nafagia sakafu, na sioni haya kusema kwamba hazipungui hata moja.

Asubuhi ninayoikumbuka, mkasi ulikosea. Ulikata mara tano, ukasita, ukakata mbili, ukaanguka.

"Malenga," mjomba akaita, "hebu njoo uniokotee. Mgongo huu, bwana!"

Nilipompa mkasi ndipo nilipouona mkono wake ukitetemeka. Mgongo ulikuwa mzima.

Kinyozi mmoja, kiti kimoja, benchi moja la wanaosubiri, na kioo chenye ufa pembeni uliompa kila mteja sikio la tatu. Huo ndio ulimwengu alimonilea mjomba tangu mama, dada yake, alipofariki. Alikuwa na sheria zake. Siri ya mteja haitoki mlangoni. Mteja mbaya wa sura hayupo, yupo aliyekatwa vibaya. Na mtu akikuinamishia kichwa, amekukabidhi. Hata kama ni adui yako, siku hiyo ni mgeni wako.

Sheria ngumu kuliko zote kwangu ilikuwa ya Kipara. Kipara alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, na kichwa chake kilikuwa kama yai. Kila Jumamosi alikuja kunyolewa. Mjomba alimkalisha, akamfunika uso kwa taulo la moto, akampaka povu kichwa kizima, akalikwangua kwa mgongo wa wembe, kisha akamnyoa ndevu kwa makali. Mwisho alimzungushia mkasi masikioni, akikata hewa, na kumwinulia kioo kidogo kwa nyuma.

"Kisogo vipi?"

"Safi. Ila usiwe unazipunguza sana."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa naungua kwa hasira.

"Mjomba," nilimwambia siku moja, "huu si uongo?"

"Umemdhuru nani?"

"Uongo ni uongo!"

Alikunja taulo polepole. "Mtu amefumba macho, ameguswa kwa upole, amefumbua macho. Mkewe hayupo tena. Nani mwingine atamshika kichwa yule, malenga? Wewe?"

Nilimjibu kwa shairi. Nililiandika kwa wino mwekundu, nikalibandika juu ya kioo:

*Ulimi nauapiza, usiwe wa kudanganya,*
*Kweli sitaipunguza, hata kama watasonya,*
*Atakaye kunyamaza, na ajifiche kwa mwanya,*
*Kweli ndiyo yangu ngao, nami siiweki chini.*

Mjomba alilisoma midomo ikimchezacheza. "Limetulia," akasema. "Sasa fagia ukweli ulio chini ya kiti."

Baada ya mkasi kuanguka, hakuna aliyesema neno. Ila mtaa mzima ukaota ndevu. Fundi cherehani wa jirani akasema anazifuga. Muuza maziwa akasema mkewe amezipenda. Wote waliketi kitini, wakaomba mkasi tu, wakaondoka wakipapasa mashavu kama watu waliotoroka hatari. Aliyebaki kwenye wembe ni Kipara peke yake. Aliondoka na mikwaruzo shingoni, na akiulizwa alimsingizia paka.

"Wanafiki nyie," nilimwambia nje, mate yakinitoka. "Ipo siku atamkata mtu koo. Mwambieni!"

"Mwambie wewe, mwenye shairi ukutani." Alijigusa kidonda. "Lakini ukimtoa nyuma ya kile kiti, mwanangu, fikiri kwanza utamweka wapi."

Asubuhi nyingi nilifungua kinywa niseme. Nikaishia kuuliza kama chai ipo.

Ndipo akaja bwana harusi. Alitoka mtaa mwingine, hajui lolote, amepiga suruali iliyonyooka kama rula. Akaketi, akaegemeza kichwa nyuma, akamwachia mjomba koo lake lote. Povu likapakwa. Wembe ukanyanyuka, na ukawa unayumba hewani kama nyuki anayetafuta pa kutua. Wote benchini wakainamia viatu vyao.

Nilidondosha ufagio. "Samahani, bwana harusi. Nilitangulia mimi."

Mjomba akageuka. "Wewe?"

"Ndevu zinaniwasha."

Ndevu zenyewe zilikuwa za kuhesabika. Bwana harusi alinitazama kama mwizi. Kutoka benchi, Kipara akasema kwa sauti ya utani, "Mwenzako akinyolewa, bwana harusi, wewe tia maji." Watu wakacheka zaidi ya utani wenyewe, na kijana wa watu akahamia benchini na povu lake kidevuni.

Nikaketi. Nilikuwa nimefagia kukizunguka kiti kile miaka yote ile, na sikuwahi kujua kwamba ukiegemea, dari huonekana iko mbali sana. Taulo la moto likashuka. Kila kitu kikanyamaza: hasira, mashairi, mtaa. Nikanusa sabuni, nikahisi kiganja cha mjomba kikinishika utosi, kile kile kilichonishika siku ya maziko ya mama. Hapo nikamwelewa Kipara.

Mpito wa kwanza wa wembe ulikuwa mzuri. Wa pili ukatetemeka. Chini ya taya nikahisi moto mwembamba, kisha unyevu. Sikujikunja.

Tulitazamana kwenye kioo, povu jeupe likigeuka jekundu. Alichukua jiwe la shabu, akalikandamiza kwenye kidonda kuzuia damu.

"Inauma?"

Nikatazama wino mwekundu juu ya kioo.

"Inauma, mjomba."

"Kweli?"

"Kweli."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesubiri habari na sasa imefika. Akaupangusa wembe, akaufunga, akauweka kiganjani mwangu na kunifumba vidole kwa mikono yake yote miwili, na yote miwili ilikuwa inatetemeka.

"Bwana harusi," alisema, "leo utanyolewa na kijana wangu. Mkono wake mwepesi."

Kisha akachukua mkasi, akasimama nyuma yangu, na muda wote niliokuwa nanyoa alikata hewa. Ulikosea, ukarudi, ukakosea tena. Nilijua anachotaka: mkono wangu usikose mizani.

Hakushika wembe tena. Alihamia benchini na mkasi wake, akawa anakata hewa pale, kila siku kwa sauti ndogo zaidi. Mvua za mwisho zilipokatika, asubuhi moja niliamshwa na kimya.

Jumamosi ya kwanza niliyofungua tena, Kipara alisimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuingia.

"Nimepita kukusalimu tu. Mambo haya sasa ni ya vijana. Mimi nilikuwa namsumbua marehemu." Jicho lake likapanda kwenye wino mwekundu juu ya kioo, likashuka haraka.

Nilipangusa kiti. Nikachemsha maji, nikakunja taulo. Akaja taratibu, akaketi, akafumba macho. Nilimpaka povu, nikalikwangua kwa mgongo wa wembe. Nikamzungushia mkasi masikioni: mara nane, ukatua. Nikainua kioo kidogo.

"Kisogo vipi?"

Chozi lilikuwa limejichimbia njia kwenye poda.

"Safi," akasema. "Ila umezipunguza sana." Akaishika kofia yake, asiivae. "Na Jumamosi ijayo?"

"Njoo, mzee," nilimwambia. "Jumamosi ijayo, na zote zitakazofuata. Nitakunyoa mwenyewe, mpaka nywele zako ziishe."