Saa Iliyorudi Ikimetameta

Baba mdogo aliirudisha saa ya marehemu baba ikiwa safi mno, na hapo ndipo roho yangu ilipoanza kusita.

Baba alikuwa mpaka rangi wa mapaa. Alipanda juu ya nyumba za watu na saa yake mkononi, ile inayokula jua. "Mimi na saa yangu tuna mwajiri mmoja," alikuwa akisema, akionyesha juu. Kioo kilijaa mikwaruzo, na matone ya rangi ya kijani yaliganda pembeni. Baada ya mazishi mama aliifungia kabatini, ndani ya soksi, isiibwe. Tulipoitoa ilikuwa imesimama. Mama alilia upya. Baba mdogo, ambaye ni fundi viatu, akasema, "Nipe, shemeji, nikaitafutie betri."

Betri ya nini, nilijiuliza, kwa saa ya jua?

Sasa ilikuwa mezani inatembea, imepambwa kama bibi harusi. Mkanda mpya wa ngozi. Rangi ya kijani hakuna. Na jirani yetu anayetengeneza simu alikuwa ameshanitia maneno: "Saa hizo kiwanda kiliacha kuzitoa zamani. Kuna watu wanazikusanya, wanazitafuta kama dawa. Angalia sana."

Nikaangalia sana. Nilimwangalia baba mdogo akinywa chai, nikaona hata kumeza kwake kuna siri.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi saa, mama mmoja mwenye miwani machoni na nyingine kichwani.

"Lete niione."

"Ione hapa hapa," nikasema, nimeushikilia mkanda.

"Dada, kwani nitaila?" Akainama na lenzi yake. "Unaiuza?"

"Hapana."

"Kweli huiuzi?"

"Mbona unauliza mara mbili?"

"Wakusanyaji huniuliza mimi kila siku. Ila hii wataikataa. Nani kaisugua? Wao wanataka mikwaruzo yake na mkanda iliotoka nao kiwandani. Vikitengana, hawaangalii saa wala mkanda. Aliyefanya hivi kaiua bei kwa mikono yake."

"Labda si yenyewe. Labda imebadilishwa."

Akanipa lenzi. Chini ya kitufe cha kurekebishia mishale, mahali ambapo kitambaa hakifiki, palikuwa na chembe ya kijani. Rangi ya baba.

"Ilikuwa imesimama," nilisema, nikimrudishia lenzi.

"Mliiweka wapi?"

"Ndani ya soksi."

"Basi mliinyima chakula. Ndani kuna kibetri kinachotunza mwanga. Gizani inalala, ukiianika inaamka."

Kumbe saa ilikuwa ya baba. Lakini mkanda je? Shaka haikunitoka, ilihama chumba tu. Nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Saa imegoma tena?"

"Mkanda wa zamani uko wapi?"

Brashi yake ilisimama hewani. "Ulikatika nilipokuwa naisafisha."

"Uko wapi?"

"Leo umekuja kama polisi."

"Umemuuzia nani? Najua una bei."

Akakunja mkono wa shati. Mkanda ulikuwa mkononi mwake, bila saa, umeshonwa pale ulipokatika. Tundu la mwisho, lile ambalo baba alilitoboa kwa msumari wa moto ugonjwa ulipomkondesha, lilikuwa pale pale.

"Nilijua mtanicheka," akasema. "Nani anavaa mkanda usio na saa?"

Nikaitoa saa. "Na rangi? Mbona uliitoa rangi?"

"Kiatu kikija kichafu sikirudishi kichafu, unanijua." Akaitazama saa mkononi mwangu. "Haukuwa uchafu, eh?"

Nilitikisa kichwa. Akaanza kuufungua mkanda anipe. Nikamshika mkono.

"Kaa nao, baba."

"Si umesema una bei?"

"Ulikuwa nayo."

Nikamgeuzia saa juani, nikamwonyesha ile chembe chini ya kitufe. Alikodoa macho mpaka akaiona. Akaiweka brashi chini taratibu, akaificha mikono yake nyuma ya mgongo, asije akaifuta.