Tangazo la Tatu

Fundi seremala aliyetengeneza mabenchi yote ya kanisa lile hakuwahi kuinuka kwenye benchi lake la nyuma kwenda kupokea komunyo. Mkewe vilevile. Walioana bomani, wakapewa cheti chenye mhuri, na kwa serikali mambo yakaishia hapo. Kwa kanisa, fundi alikuwa bado mume wa yule mke wa kwanza aliyemtoroka ujanani, hata kama mahakama ilishatoa talaka. Basi wenzao wakisimama kupanga foleni, wawili hao walibana magoti kuwapisha, na mama alijifanya anatafuta leso.

Siku moja habari ikaja kwamba yule wa kwanza amefariki. Kizuizi kikaondoka. Lakini mama naye alikuwa kitandani, moyo umechoka, hata kikombe anashikiwa.

Padri alikuja nyumbani. Akaeleza kwamba kwa mgonjwa kama huyu, sheria ya kanisa hailazimishi kungoja matangazo ya ndoa yasomwe Jumapili tatu. Mashahidi wawili tu, ndoa imefungwa, na mama anapokea komunyo palepale.

Fundi akakataa katakata. Miaka yote wamesemwa chinichini, naye akameza. Sasa alitaka majina yao yasomwe mbele ya kila mdomo uliowahi kuwateta.

"Hatukuiba, Padri," alisema. "Tutangazwe kama watu."

Mama akamgeukia. "Baba watoto, mimi masikio ya watu sina haja nayo. Nataka komunyo tu."

"Utapokea, mama. Tena ukiwa na gauni jipya."

Akarudi karakanani kupiga randa kiti cha kumbebea hadi altareni. Ubishi ule, jamani, yeye aliuita heshima.

Tangazo la kwanza likasomwa, shingo zikageuka, fundi akavimba kifua. La pili likasomwa. Katikati ya wiki moyo wa mama ukasimama, padri akiwa bado njiani.

Jumapili ya tatu hakukuwa na la kutangaza. Kabla ya misa padri alimfuata kwenye benchi lake, akamwambia kwa upole kwamba sasa hakuna kinachomzuia. Aungame tu, apokee. Ilikuwa kweli. Aliyefiwa na wake wote wawili hana kesi na kanisa wala serikali.

Foleni ilipoanza, fundi alibana magoti, akawapisha. Mkono wake ukapapasa pale alipozoea kukaa mwenziwe. Leso haikuwepo, na machozi yakamshuka mbele ya watu wote aliotaka wamwone.