Bawa kwenye Sufuria ya Pudingi

Mume wangu Clarrie aliisahau ndege yake ndogo ya plastiki, aliyoiunda na kuipaka rangi ya kijani mwenyewe, ndani ya gari, juani, mwezi wa Desemba, hapa Dubbo, Australia, ambako Desemba ndiyo kilele cha joto. Na amezaliwa hapa hapa! Alipoikumbuka, bawa moja lilikuwa limejikunja kama soli ya kiatu kilichoanikwa.

Siku hiyo nilikuwa nachemsha pudingi ya Krismasi, ile keki nzito ya matunda makavu. Nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa, inatokota sufuriani tangu asubuhi. Nikatoka kuanua nguo. Niliporudi, jiko zima lilinuka rangi. Nikafunua sufuria. Bawa lilikuwa linaogelea ubavuni mwa pudingi yangu, na maji yametandwa na utando wa kijani.

"Clarrie! Uchafu gani huu?"

"Plastiki hunyooka kwenye maji ya moto, mama. Haya yalikuwa yanachemka tayari, nibandike mengine ya nini?"

"Maji ya moto, siyo ya kutokota! Tena siyo ya chakula! Huoni kinyaa?"

Akalichomoa kwa koleo langu la nyama. Lilikuwa limejiviringa kuliko mwanzo. Kisha akaigusa pudingi na kulamba kidole.

"Kitambaa kimezuia. Haina neno, tutaila tu."

Pudingi niliitupa pipani mbele ya macho yake.

Siku ya Krismasi wageni niliwapa aiskrimu. Clarrie nilimwekea lile bawa kwenye sahani, nikalimwagia kastadi ya moto.

"Kula, baba," nikamwambia. "Limeiva."