Strima ya Mzee Sikio

Wiki ya tatu bila muziki ilipoanza, Mzee Sikio aligeukia ukutani akakataa hata uji.

Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda na bakuli mkononi, akambembeleza mpaka uji ukashika utando. "Baba, vijiko viwili tu. Basi kimoja." Mgongo wa mumewe haukutikisika.

Jina la Sikio alipewa na wenzake wa studio ya redio, alikorekodi muziki kwa miaka thelathini. Walisema akiingia chumbani anakuonyesha taa inayovuma kabla hujajua kama taa huvuma. Kisha kiharusi kikamwangusha bafuni, kikachukua upande wote wa kulia na maneno yote. Kilichomsalia ni masikio na konveta yake. Konveta hiyo ilikuwa kisanduku cheusi, kizito kama tofali. Muziki ukitoka kwenye kompyuta huwa ni tarakimu tupu. Konveta ndiyo huzigeuza zikawa sauti ya kupeleka kwenye amplifaya na spika. Aliinunua alipostaafu, na kabla ya kuugua hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa hata kuipangusa vumbi.

Aliyegundua siri ya muziki ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mpole lakini asiyemung'unya maneno. Mgonjwa huyu ukimwamuru ainue mkono, hainui. Mwekee muziki kwenye zile spika zake, kinanda kikipanda na mkono unapanda. Walikwenda hivyo miezi saba, kidole baada ya kidole. Ndipo ile kompyuta ya kupeleka muziki kwenye konveta ikafa. Fundi aliifungua, akaifunga, akasema pole.

Mke alijaribu muziki wa simu yake. Mzee Sikio alisikiliza kidogo, akakunja uso kama aliyenusa kitu kilichochacha, na kwa mkono wake mzima akaisukuma simu sakafuni.

"Dada, sitakuficha," mtaalamu alimwambia wakiwa mlangoni. "Vidole vinaanza kujikunja. Vikikaa hivi wiki mbili nyingine, vitakakamaa, na mimi sina ujuzi wa kuvifungua. Irudishe ile sauti yake."

"Nitairudisha na nini, mwenzangu? Mimi ni mkata vitambaa."

"Nenda dukani kaulize strima. Huvuta muziki mtandaoni, ikaupeleka kwenye konveta. Siku hizi wanatumia hiyo badala ya kompyuta."

Akaenda siku hiyo hiyo, na vumbi la nyuzi za karakana likiwa bado kwenye nywele. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati mwenye ulimi wa asali.

"Wifi nyumbani ipo, mama?"

"Yupo. Tangu kaka yake augue amehamia kwetu, na hanyamazi."

Muuzaji alicheka mpaka akashika kaunta. "Nauliza ya intaneti, mama."

"Ahaa. Na hiyo ipo."

Hiyo ndiyo mara pekee aliyotabasamu juma lile. Aliondoka na strima nyeupe, ndogo kama kipande cha sabuni, akaambiwa inafaa kila nyumba. Haikufaa yake. Haikuwa na tundu hata moja la kuingiza waya wa konveta. Ilitoa sauti iliyokwisha kugeuzwa humo humo ndani. Aliiunganisha moja kwa moja kwenye amplifaya akamwomba Mungu. Mumewe alivuta shuka akajifunika kichwa.

"Uza hayo makorokoro, wifi yangu," dada wa mume alisema kutoka jikoni. "Kaka yangu anakufa, wewe unacheza na nyaya!"

Mke alijifungia bafuni, akafungua bomba ili asisikike, akalia.

Kesho yake aliomba ruhusa karakana, akaizungushia konveta blanketi na kuipakata mpaka dukani. Muuzaji aliipokea ile strima nyeupe kwa uso mwingine kabisa.

"Tunabadilisha mara moja tu, mama. Ukichagua leo, ndiyo basi."

Akamwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa na kioo kipana kinachoonyesha picha za wanamuziki kwa rangi za kumeremeta. Ya pili ilikuwa boksi la kijivu lisilo na kioo wala madoido, taa moja tu mbele. Zote zilikuwa na tundu la konveta. Alimwomba azicheze moja baada ya nyingine kupitia konveta yake, akakaa kitini, akafumba macho.

Alisikiliza ya kwanza. Akasikiliza ya pili. Akaomba tena ya kwanza. Kitambaa angekijua kwa ncha ya kidole, pamba safi au iliyochanganywa, hata gizani. Lakini hizi sauti mbili zilikuwa pacha kwake. Miaka thelathini na moja amelala kando ya mtu mwenye masikio yale, na leo uzima wa mkono wake unategemea masikio haya yasiyojua kitu!

"Umeona tofauti?" muuzaji aliuliza. "Hii ya kioo ndiyo inayotoka sana."

Hapo akashindwa kujizuia. Alilia mbele za watu, kiganja mdomoni, na wateja wawili wakajifanya wanatazama nyaya. Kutoka chumba cha nyuma alitokea fundi wa duka, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliuliza kuna nini. Mke akamweleza yote, kwa vipande vipande, mpaka habari ya vidole.

Fundi aliigusa konveta kwa heshima. "Hii ndiyo inayotengeneza sauti, dada yangu. Strima ni tarishi tu. Na tarishi mzuri ni yule asiyeifungua barua njiani. Hiyo ya kioo ina mambo mengi tumboni. Chukua ya kijivu." Akamwandikia namba yake ya simu kwenye karatasi.

Alasiri waliiunganisha, yeye na wifi yake, mmoja akishika simu ya kuiongozea strima na mwingine akichomeka nyaya, bila kusemezana. Akabonyeza. Kinanda kikajaa chumbani.

Mgongo wa Mzee Sikio ulishtuka. Akageuka polepole, uso wote umekunjamana, midomo ikihangaika kama inayong'oa msumari.

"Mba... ya."

"Amesema!" wifi alipiga ukelele. "Kaka amesema!"

Lakini mke alilisikia neno lenyewe. Lilikuwa neno la kwanza baada ya miezi minane, na lilikuwa hilo. Duka halitabadilisha tena. Alitaka kuzima, akaona mkono wa kushoto wa mumewe ukizunguka hewani, ukigeuza kitufe kisichoonekana, kushoto, kushoto. Kuna kitu alitaka kipunguzwe. Akampigia fundi.

"Angalia kwenye simu," fundi alisema. "Kuna mahali pameandikwa kuongeza besi? Kiwandani huwa wanaiwasha. Zima. Sauti ya strima iache juu kabisa, utapunguzia kwenye amplifaya."

Alizima. Kwake yeye, ngoma zilishuka kidogo, basi. Kwa Mzee Sikio ilikuwa kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Mikunjo ikaondoka usoni, akashusha pumzi ndefu, na wimbo ulipokwisha alimtazama mkewe kwa ukali mpaka akauweka tena. Wifi alileta uji mpya. Vilipita vijiko sita.

Mtaalamu alikuja asubuhi. Kinanda kilipopanda, mkono wa kulia ulipanda nao, ukafika kifuani, ukatetemeka, ukaanguka. Walirudia siku hiyo, na siku zilizofuata. Vidole vitatu vilifunguka, na gumba. Kidole cha mwisho kilikuwa kimekwisha kukakamaa. Mtaalamu alikisugua mafuta majuma matatu, kisha akasema ukweli wake kama kawaida.

"Hiki tumechelewa."

Mke alikitia kidole hicho kwenye kiganja chake, akakishika mpaka wimbo ulipokwisha.