Mishumaa ya Balbu

Kila jioni, katika mchezo wetu wa kuigiza wenye nyimbo hapa Buenos Aires, mimi Perla, mjane, huwa mama wa watoto wanne. Wangu wa kuzaa wako ng'ambo, hata simu hawapigi.

Kwenye onyesho la Sabato ya Kiyahudi huwa nawasha mishumaa na kuisomea baraka, ingawa ni balbu tu. Mwongozaji wa mchezo alinionya, "Doña Perla, kwenye baraka ruka jina la Mungu. Haya ni maigizo, tusilitaje bure."

"Bure? Nyumbani namwashia nani, mwanangu? Paka?"

Ijumaa jua likizama, Sabato yenyewe ikiingia, nilifunika macho kwa viganja kama ilivyo desturi, nikaisema baraka yote, bila kuruka jina. Kutoka viti vya nyuma mzee mmoja akaitikia, "Amina!"

Wapigaji wa muziki wakaanza wimbo. Sikuondoa viganja. Ningeviondoa, ningeona balbu.