Marehemu wa Benchi la Nyuma

Huko Bukavu, Zéphyrin alikuwa ameshaliliwa. Mdogo wake Cédric aliweka matanga siku tatu, akawaambia watu kaka yake amezama ziwani na mwili haukuonekana. Bila msiba ule, watu wa mwenye machimbo wasingeacha kuwagongea mlango. Maana Zéphyrin, wakili na mbunge wa jimbo, ndiye aliyesimama bungeni akamtaja kwa jina bwana huyo, aliyewaacha wachimbaji kumi na tisa wafukiwe. Wiki ile ile akatoroka.

Sasa ni mwaka wa sita anasafisha ofisi London, na kanisani Woolwich wanamwita Papa Plamedie tu. Hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mtu akiinua kamera, yeye huinama kufunga kamba za viatu.

Jumapili hiyo walikuwa wakimwombea marehemu Mama Winifrida. Ibada ilikuwa inaenda laivu ili ndugu zake wa Bukavu waione, na aliyeshika simu alikuwa Plamedie, binti wa Zéphyrin wa miaka kumi na saba. Habari za matanga yale hakuwahi kuambiwa. Wazazi walimficha ili apate usingizi.

Mwongozaji alikuwa Fortunat, aliyefika London mwezi uliopita. Kwa desturi ya kwao, neno halianzi kabla wakubwa waliopo hawajatambuliwa. Akawataja wachungaji, akawataja wazee wa jumuiya, kisha macho yake yakagota kwenye benchi la nyuma.

"Mheshimiwa? Si walituambia umezama! Wandugu, papa huyu alinitoa gerezani bila kuniuliza nina nini mfukoni. Mheshimiwa Zéphyrin, simama tukuone!"

Makofi yakalipuka. Zéphyrin hakuthubutu kufungua mdomo, maana redio za kwao ziliwazoesha watu sauti yake. Akatikisa kichwa: siyo mimi.

"Papa anaringa!" mama mmoja akacheka. "Ama unaogopa tutakuomba kazi?"

Plamedie alikuwa anatabasamu. Hakuwahi kuona London ikimpigia baba yake makofi. Akaigeuza simu polepole mpaka ikamtazama usoni.

Zéphyrin akajifunika kwa kitabu cha nyimbo, akatoka nje.

Binti alimkuta ngazini, akamwuliza kwa Kiingereza chake cha Woolwich kwa nini anamkana mtu anayempenda. Kabla hajajibiwa, simu ya baba ikalia. Alikuwa Cédric.

"Yaya, kaka yangu, mtu wa machimbo ameiona ibada, amenipigia. Anataka niende nimweleze tulimlilia nani."

Sauti iliyomtoka Zéphyrin ilikuwa ile ya mahakamani.

"Usiende. Usimjibu. Mko wangapi nyumbani?"

"Wanne. Mama yuko sokoni."

"Mpitieni huko huko. Msichukue hata sahani. Sasa hivi vukeni mpaka, mkifika ng'ambo unipigie."

Sauti ya simu ilikuwa juu, na Plamedie alikuwa ameelewa kila neno. Mkono mmoja mdomoni, akaitafuta ile video aifute. Chini yake palikuwa na hesabu: watu mia mbili na kumi na wanne walikuwa wameshaitazama.

"Papa, sikujua," akasema, safari hii kwa Kiswahili.

"Hatukukwambia, mama. Kosa ni letu."

Wakakaa ngazini, simu ya baba ikiwa katikati yao. Ndani walikuwa wameanza wimbo wa kumuaga Mama Winifrida. Kutoka nyumbani hadi mpakani, kwa kupitia sokoni, ni nusu saa. Nusu saa ikapita, simu ikiwa kimya.

"Tuwaongezee dakika kumi," Zéphyrin akasema. "Pale mpakani kuna foleni."

Plamedie akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.